Kioo Kinachokusanya Nuru: Somo la Kuchagua na Kutumia Darubini ya Kwanza



 

Katika mkutano mkuu ujao wa jumuiya yetu kuna ajenda moja ndogo ambayo wengi wataipitia haraka ili wafike kwenye uchaguzi. Nayo ni kama fedha zilizobaki katika mfuko wa elimu zinunue darubini nyingine. Nasema "nyingine" kwa sababu ya kwanza tunayo. Imelala juu ya kabati la vitabu ofisini, na aliyetumwa kuinunua ni mimi. Wenzangu wameona kwamba aliyekosea ndiye aandike somo. Haki yao.

Niliinunua Kampala nikiwa mwaka wa kwanza. Mchango ulikuwa wa wanafunzi, shilingi elfu elfu, na wengine walitoa nauli zao za wikiendi. Dukani niliona boksi lenye picha ya Zohali na pete zake, na maandishi makubwa yanayosema kwamba darubini inakuza mara 525. Nikafikiri, ikiwa yenye mara 150 ni nzuri, hii ya 525 ni bora zaidi. Sikuuliza swali hata moja. Nikaifunga nyuma ya bodaboda hadi stendi, na jioni nikaingia nayo Mbale kama bwana harusi.

Kwa hiyo tuanze na boksi lile.

Namba inayouza na namba inayofanya kazi

Ukuzaji wa darubini si sifa ya darubini yenyewe. Ni hesabu ya kugawanya tu. Kila darubini ina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali nuru inapokutana. Kila lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, nayo ina urefu wake. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, umepata ukuzaji. Darubini yetu ina fokasi ya milimita 700. Ukiweka lenzi ya milimita 4 unapata mara 175. Ongeza kile kijibomba cha kuzidisha mara tatu kilichokuja ndani ya boksi, unapata 525. Muuzaji hakusema uongo. Alisema hesabu iliyo kweli lakini haina faida.

Haina faida kwa sababu nuru haitoshi. Kioo chetu kina kipenyo cha milimita 76. Kanuni ambayo watazamaji nyota wanaitumia ni kwamba ukuzaji wa juu wenye maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa kioo cha 76 hiyo ni mara 150 hivi, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukivuka hapo picha haiongezi chochote, inakuwa kubwa, hafifu na yenye ukungu, kama picha ndogo ya simu uliyoivuta kwa vidole mpaka ikawa miraba.

Tena kuna jambo ambalo boksi halikulitaja kabisa. Kadiri unavyokuza ndivyo eneo la mbingu unaloliona linavyopungua. Kwa mara 525 huoni hata robo ya upana wa mwezi. Sasa jaribu kutafuta hilali nyembamba ya dakika chache kupitia tundu kama hilo, juu ya miguu mitatu inayotetemeka ukipumua karibu nayo. Sisi tulijaribu.

Namba ya kuuliza dukani, basi, ni kipenyo cha kioo. Nuru inayokusanywa inafuata eneo la kioo, si upana wake tu, hivyo kioo cha milimita 130 kinakusanya karibu mara tatu ya kile cha 76. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi. Ukilinganisha nayo, kioo cha 130 kinakupa nuru zaidi ya mara 300. Galileo mwaka 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu. Shida ya mbingu kwa kawaida si kwamba vitu ni vidogo. Ni kwamba ni hafifu.

Kwa nini ya kioo

Darubini za mwanzo zilitumia lenzi mbele. Ya kioo hufanya kazi kwa namna nyingine: bomba liko wazi mbele, nuru inaingia hadi chini, inakutana na kioo kikubwa kilichobonyea katikati kama sahani, inarudi juu ikijikusanya, na kabla haijatoka inakutana na kioo kidogo bapa kilichoinamishwa, kinachoitupa ubavuni mwa bomba. Ndiyo maana mtazamaji husimama pembeni, si nyuma. Isaac Newton alitengeneza ya namna hii mwaka 1668, na mpaka leo wanaiita kwa jina lake. Kwa mwanafunzi sababu ya kuichagua ni bei tu: kwa fedha zilezile, kioo kinakupa kipenyo kikubwa kuliko lenzi.

Sisi wa masomo ya Kiislamu tuna sababu ya kusimama hapa kidogo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, anajulikana kwa Kitab al-Manazir, kitabu chake kikubwa cha nuru na kuona. Wachache wanajua kwamba aliandika pia risala kuhusu vioo vya kuunguzia, cha umbo la tufe na cha umbo la parabola. Alionyesha kwamba kioo cha parabola hukusanya miale ya jua katika nukta moja. Hakuwa akizungumzia darubini, kwa kuwa haikuwepo. Lakini kioo kile kinachounguza ndicho hiki kilicho ndani ya bomba. Nitarudi kwake, kwa sababu sisi tulikithibitisha kwa mikono yetu.

Kitako

Hapa ndipo vitabu na maelezo ya kutoka Ulaya na Marekani yanapotupoteza watu wa huku. Darubini nyingi za bei nafuu huuzwa na kitako kinachoitwa cha ikweta, chenye mhimili ulioinama, vyuma vya uzito na nyaya za kuzungushia. Jina linashawishi. Mtu anasema, sisi si tuko ikweta? Kinyume chake. Kitako hicho kinataka mhimili wake uinamishwe kwa kipimo cha latitudo ya mahali ulipo, uelekee ncha ya mbingu. London mhimili unainuka digrii 51, na mambo yanakwenda. Mbale tuko kama digrii 1 kaskazini. Mhimili unatakiwa ulale karibu sawasawa na ardhi, na vitako vingi vya bei ndogo havishuki hadi hapo, au vikishuka chuma cha uzito kinagonga mguu. Na nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo wenzetu huitumia kulenga, kwetu iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na vumbi. Msomaji uliyeko Bujumbura au Kigali, hali yako ni hiyohiyo, na nyota hiyo kwako iko chini ya upeo kabisa.

Chukua kitako cha Dobson. Kimepewa jina la John Dobson wa San Francisco, mtu aliyekuwa akiweka darubini barabarani ili wapita njia watazame bure. Ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao, na bomba linainuka na kushuka ndani yake. Hakina gia wala uzito. Unasukuma kwa mkono. Kina aibu moja: kitu kikiwa utosini kabisa, kusukuma kunakuwa kazi, na kwetu vitu vingi hupita utosini. Subiri saa moja kitu kiteremke.

Kwa hiyo kuna maumbo matatu ninayoweza kuyapendekeza kwa moyo mweupe. La kwanza ni kioo cha milimita 114 chenye fokasi ya 450, la kuweka mezani, linaloingia katika begi. La pili ni 130 kwa 650, nalo la mezani. La tatu ni 150 kwa 1200, bomba refu la kusimama chini, ambalo kwa sayari ni tamu kuliko yote mawili. Ningekuwa na nyumba yenye uwanja ningechukua la tatu bila kufikiri. Lakini jumuiya inabeba vitu kwa bodaboda, na inataka pia kutazama hilali. Lenzi ya milimita 25 kwenye 650 inatoa mara 26, na unaona eneo lenye upana wa takribani miezi minne ikipangwa mstari. Kwenye 1200 lenzi hiyohiyo inatoa mara 48, na eneo linabaki nusu. Kura yangu ni ya 130 kwa 650.

Onyo moja la dukani. Ukikuta bomba fupi, kama nusu mita, lakini limeandikwa fokasi ya milimita 1000, liache. Ndani ya shingo yake kuna lenzi ya kurefusha, kioo chake si cha parabola, na kukilinganisha ni mateso. Na ukiwa huna fedha hizi kabisa, usinunue darubini mbaya. Nunua binokula za 7x50 au 10x50. Zitakufundisha anga, na hutazitupa hata siku utakapopata darubini.

Jioni ya ishirini na tisa

Ilikuwa tarehe 29 Shaaban. Mbale ina neema ya mandhari kwa jambo hili: mashariki kuna ukuta wa Wanale, lakini magharibi ni tambarare mpaka macho yachoke. Tulipanda mahali palipoinuka kabla ya Magharibi, watu kama thelathini, dada zetu upande wao wakiwa na binokula. Jua lilikuwa limejificha nyuma ya wingu. Nami, kwa haraka ya kutaka kuonyesha kwamba fedha za watu hazikupotea, nikaielekeza darubini magharibi, na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akaweka jicho akitafuta.

Alitafuta dakika mbili tatu. Kisha akaondoka kwenda kumuuliza amiri wetu mwezi utakuwa upande gani wa jua. Jua likachungulia chini ya wingu. Hapakupita dakika tukasikia harufu ya plastiki. Ndani ya lenzi ya jicho, ule ukingo mweusi ulikuwa umeyeyuka na kutoboka. Jicho la yule ndugu lilikuwa pale muda mfupi tu kabla.

Hakuna aliyesema neno. Hilali hatukuiona, habari za mwezi zilitufikia kwa simu baada ya Isha, na tangu usiku ule bomba liko juu ya kabati. Nimemwomba radhi yule ndugu mara nyingi mpaka sasa ananicheka. Mimi bado sijacheka.

Ibn al-Haytham aliita kioo cha kuunguzia, na hilo ndilo jina lake. Retina ya jicho haina mishipa ya maumivu. Inaungua kimya, na kinachoungua pale hakirudi. Hivyo kanuni tulizoandika, ambazo zimebandikwa ofisini, ni hizi. Darubini haielekezwi magharibi mpaka duara lote la jua limezama, na kuzama huko kunajulikana kwa ratiba na saa, si kwa kukisia nyuma ya wingu. Mtu mmoja tu ndiye anayesukuma bomba, na wengine wanatazama kwa ruhusa yake. Mchana bomba lina kifuniko. Na kile kioo kidogo cheusi kilichoandikwa "jua", kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kinavunjwa siku kinapotoka kwenye boksi, kwa sababu kinakaa mahali joto linapokusanyika na kinaweza kupasuka jicho likiwa hapo. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua kutakakokuwa kamili Luxor, Jeddah na Makka, na kwetu kwa sehemu. Tutaswali Swala ya Kusufu, inshaallah. Darubini haitatoka ofisini siku hiyo bila kichujio cha jua kinachofunika mdomo wote wa bomba mbele.

Haraka yetu haikuwa hata na sababu. Wakati mzuri wa kuiona hilali si wakati jua linapogusa upeo. Ni kabla kidogo ya katikati ya muda ulio baina ya kuzama jua na kuzama mwezi. Mwezi ukizama dakika 45 baada ya jua, tazama karibu dakika ya 20. Wakati huo anga limeshapunguza mwanga na hilali haijazama katika vumbi la chini.

Na kuna mipaka. Mfalaki wa Ufaransa, André Danjon, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya digrii 7 hivi, hilali haionekani kwa jicho, hata likisaidiwa na darubini. Mtu akishuhudia kuona katika hali hiyo, mwulize kwa upole alichokiona. Ama je, ushahidi wa darubini unakubalika kisheria? Wanazuoni wametofautiana. Wako wanaoshikilia jicho tupu kama walivyotazama waliotutangulia, na wako wanaosema darubini haiumbi mwezi, inasaidia jicho tu kuona kilichopo. Aya ya 189 ya Suratul Baqara inataja miezi miandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, na mjadala wa namna ya kuiona umejengwa juu ya hapo na juu ya hadithi za kufunga kwa kuonekana mwezi. Mimi ni mwanafunzi, swali hilo liko kwa masheikh wetu. Ninachojua ni kwamba, kwa rai yoyote, darubini inaweza kukuonyesha mahali pa kutazama, kisha ukainua uso na kutafuta kwa macho yako.

Kuitumia

Mchana, jua likiwa mgongoni, elekeza bomba kwenye mlingoti wa simu ulio mbali. Weka lenzi ya milimita 25, ndiyo yenye ukuzaji mdogo, na kila usiku anza na hiyo. Mlingoti ukiingia katikati, rekebisha kielekezi cha nukta nyekundu mpaka nukta ikae juu ya kilele chake. Kazi hii ya dakika tano ndiyo tuliyoiruka. Usishangae mlingoti kuwa kichwa chini, darubini ya kioo hugeuza picha. Nyota hazina juu wala chini, lakini ukitazama hilali kumbuka kwamba pembe zinazoelekea juu utaziona zikielekea chini.

Kwa hilali ongeza hili: usiku uliotangulia tafuta nyota angavu, fokasi mpaka iwe nukta kali, halafu weka alama ya penseli kwenye shingo ya kufokasia. Kesho yake uanzie kwenye alama. Hilali changa ikiwa nje ya fokasi kidogo tu inayeyuka angani, na unaweza kuipita mara tatu usiijue.

Vioo huhama kidogo barabarani, hasa juu ya bodaboda. Kuvilinganisha kunatisha kwa jina tu. Toboa tundu dogo katikati ya kifuniko cha shingo ya lenzi na uchungulie. Kwanza kioo kidogo kionekane duara, na ndani yake kioo kikubwa kizima pamoja na vishikizo vyake. Kama kimekaa upande, geuza skrubu tatu za mbele, robo mzunguko kwa mara moja. Kisha geuza skrubu za nyuma ya bomba mpaka kivuli cha kioo kidogo kikae katikati. Usiku thibitisha kwa nyota: itoe kidogo nje ya fokasi, na ukiona miviringo iliyokaa ndani kwa ndani kwa usawa, umemaliza. Toa bomba nje nusu saa kabla ya kutazama lipoe. Meza iwe ya zege au benchi zito, meza ya plastiki inarudisha tetemeko lilelile nililolalamikia. Na kioo usikipanguse kwa kanzu. Rangi yake ya fedha iko juu, si nyuma kama kioo cha chumbani, na vumbi dogo halidhuru kuliko mkwaruzo.

Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, unaumiza macho kwa mwanga na unaonekana bapa. Utazame siku ya saba, kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, ambako milima ina vivuli virefu. Mshtarii kwa mara 26 unakuonyesha miezi yake minne, na ukirudi usiku wa pili imebadilisha nafasi. Zohali itake lenzi ya milimita 10, mara 65.

Sisi wa ikweta tumepewa karibu mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini. Desemba jioni iko Kilimia, ambayo Waarabu waliiita Thuraya na wakulima wa pwani waliitumia kujua msimu. Hiyo ndiyo itakayokufanya usahau baridi. Mei kuna kundi la nyota la Omega Centauri upande wa kusini, ambalo watu wa London hawalioni maisha yao yote. Novemba, kaskazini, kuna doa ambalo Abd al-Rahman al-Sufi aliliandika kama wingu dogo katika kitabu chake cha maumbo ya nyota mwaka 964. Leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Kwa kioo cha 130 bado ni wingu dogo, na niliyemwonyesha kwa binokula alisema, "Ndiyo hiyo tu?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo, na nuru yake imesafiri zaidi ya miaka milioni mbili kufika hapa. Akarudi kutazama.

Bomba la zamani lisitupwe. Kioo chake ni kizima. Fundi seremala mmoja mjini amekubali kutupigia sanduku la Dobson kwa mbao za mabaki, na lenzi ya milimita 20 ipo, haikuungua. Anayetaka kujifunza kulinganisha vioo anione Ijumaa baada ya Asri, ofisini. Dada zetu wamepanga siku yao Jumamosi chini ya naibu amiri wao, na funguo ya kabati anayo yeye.